Mafumbo ya Desemba: ucheze usiku nane wa Hanukkah au kalenda ya Advent of Code?

Desemba ikikaribia, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa data na programu swali huwa ni lile lile: mwaka huu tunacheza nini? Wengi hujibu "Advent of Code" (mafumbo ya programu yanayotoka kila Desemba) kabla swali halijamalizika, na mimi kwa miaka kadhaa nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nikiulizwa, nauliza kwanza: wewe kazini unashinda na nini? Anayeshinda na majedwali ya mauzo, stoo na wateja namwelekeza kwenye Hanukkah of Data, chemshabongo yenye mafumbo manane tu ambayo huku kwetu wachache wameisikia. Anayeandika kodi, yaani maelekezo ya kompyuta (si ile ya TRA), na anataka kunoa akili yake ya kupanga hatua, huyo aende Advent. Nimeitoa hukumu mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Aliyebaki nimweleze nilivyofika hapo.

Zimetoka wapi

Advent of Code ni kazi ya Eric Wastl, na ilianza Desemba 2015. Umbo lake limeazimwa kwenye kalenda za Majilio, zile za karatasi zenye vidirisha ambavyo watoto hufungua kimoja kimoja hadi Krismasi. Kila siku linatoka fumbo lenye sehemu mbili, na kila sehemu ina nyota moja. Kwa miaka kumi mfululizo siku zilikuwa 25, kwa hiyo aliyekamilisha kila kitu hadi mwisho wa 2024 alikuwa na nyota 500. Mwaka 2025 Wastl alipunguza siku zikawa 12 na akafuta orodha ya dunia nzima ya mia bora, akieleza kwamba orodha ile ilikuwa chanzo kikubwa cha msongo kwake, kwa mitambo yake na kwa wachezaji wengi.

Hanukkah of Data ni changa zaidi. Ilitoka mara ya kwanza Desemba 2022, na nyuma yake yuko Saul Pwanson, mtu aliyetengeneza VisiData, programu ya kupekua majedwali ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ukijua hilo umejua nusu ya tabia ya mchezo: umetengenezwa na mtu anayependa kutazama data kwa macho kabla ya kuihesabu.

Hanukkah yenyewe wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamewahi kukutana nayo bila kuitambua. Yohana 10:22 inaiita Sikukuu ya Kutabaruku, "ni wakati wa baridi". Ni kumbukumbu ya kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu baada ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, kulitwaa, mwaka 164 kabla ya Kristo, na ya mafuta ya siku moja ambayo mapokeo yanasema yaliwaka siku nane. Ndiyo maana kuna usiku nane, na ndiyo maana kuna mafumbo manane. Kinara chake kina matawi tisa: manane ya usiku na moja la mshumaa unaowasha mingine. Usiku wa kwanza unawashwa mmoja, wa pili miwili, hivyo hivyo hadi minane, na kila usiku yule mwashaji yupo. Ukitaka kupasha misuli kabla ya mchezo, andika mistari miwili ya kodi ikuambie pakiti ya mishumaa ya sikukuu nzima iwe na mingapi. Ni 44.

Lini, na saa ngapi kwako

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Advent imesimama palepale: inaanza tarehe 1 Desemba kila mwaka, na fumbo linafunguka saa sita usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwetu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa mbili kamili asubuhi. Kigali, Bujumbura na Goma ni saa moja asubuhi, na ndugu zetu walioko Muscat ni saa tatu. Wamarekani wanalalamika kukosa usingizi. Sisi tunalalamika kwamba fumbo linafunguka wakati ule ule bosi anapoingia ofisini.

Hanukkah inahama. Inaanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev katika kalenda ya Kiyahudi, na kwenye kalenda ya ukutani ikaangukia jioni ya 18 Desemba mwaka 2022, jioni ya 7 Desemba mwaka 2023, jioni ya Krismasi yenyewe mwaka 2024, na 14 Desemba mwaka 2025. Mwaka 2026 ni jioni ya 4 Desemba. Aliyezoea Ramadhani kurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka ataona mara moja kuwa hapa kuna kitu kingine: tarehe inarudi nyuma, kisha inaruka mbele. Wayahudi nao wanafuata mwezi, ila wanaongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19 ili sikukuu zisihame majira. Na siku yao inaanza jua likizama, jambo ambalo mtu wa Pwani halimsumbui kabisa, kwa kuwa kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa.

Sijaleta habari za kalenda kwa mapambo. Data ya mchezo huu inakuja kwenye faili lililofungwa kwa nywila, na kuipata nywila ni fumbo dogo la kalenda ya Kiyahudi. Nimewaona watu hodari wa SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali ya data, wakikwama mlangoni, kabla hata ya fumbo la kwanza.

Unachokikuta ndani

Ukifungua faili la Hanukkah unakuta duka zima mikononi mwako. Ni duka la kubuni linaloitwa Noah's Market, liko Manhattan, ni la familia na linauza kila kitu, kuanzia mikate hadi vifaa vya nyumbani. Majedwali ni manne: wateja wenye majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na namba za simu, bidhaa pamoja na bei ya kuzinunulia, maagizo pamoja na saa yalipotolewa, na vitu vilivyomo ndani ya kila agizo. Unaweza kuyachukua kama mafaili ya maandishi ya CSV au JSON, au kama kanzidata ya SQLite, yaani majedwali yote ndani ya faili moja linaloulizwa kwa SQL. Ni yale yale anayokuwa nayo mwenye duka la jumla Kariakoo aliyefunga mashine ya mauzo, tofauti ni dola na majina ya mitaa.

Hadithi yake ni ya zulia. Zulia kuukuu la familia lilipelekwa kusafishwa miaka ya nyuma, halikufuatwa, likaanza kupita mikono ya watu. Mafumbo mengi ni maneno ya mtu aliyewahi kuwa nalo, akimweleza aliyempa. Hampi jina. Anakumbuka tu kwamba yule dada wa baiskeli huamka kabla ya mapambazuko ili awahi vitafunwa vinavyotoka kwenye tanuri, au kwamba yule mama alikuwa na paka wengi, au kwamba binamu yake ni mbahili kiasi kwamba kila akija dukani Noah anapata hasara. Wewe unaingia kwenye data, unamtafuta, na jibu unaloandika ni namba yake ya simu. Ukipatia, yeye anakutuma kwa mwingine.

Kwa lugha yetu hiyo ni umbea uliopangwa foleni, na ndipo ninapoupendea mchezo huu. Niliwahi kutengeneza ripoti kwenye duka moja la jumla, na mwenye duka hakuwahi hata siku moja kuniambia "nitolee wateja ambao wastani wa manunuzi yao umezidi kiasi fulani". Alikuwa akisema, "Yule mama anayekuja mwisho wa mwezi na gari la kukodi, anachukua mafuta na sabuni tu, mbona simwoni?" Kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno hayo yawe sharti: mwisho wa mwezi ni tarehe ngapi hadi ngapi? Mafuta na sabuni "tu" maana yake nini, kwamba hakuna kitu kingine kwenye risiti, au kwamba hivyo ndivyo vingi? "Simwoni" tangu lini? Kuandika `SELECT`, amri ya SQL ya kuchagua data, hakukunichukua dakika tano. Kuuelewa umbea kulinichukua asubuhi nzima. Sijaona mchezo mwingine unaofundisha kipande hicho cha kazi.

Advent nako kuna hadithi, za vibwengo wa Krismasi na safari zao, lakini hadithi ile unaweza kuiruka. Wengi wanasoma aya ya mwisho tu, ile inayosema hesabu ipi inatakiwa. Kila mchezaji anapewa data yake, faili dogo la maandishi la kilobaiti chache, na jibu karibu kila mara ni namba moja. Kinachotafutwa ni njia ya kuipata namba hiyo.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 6 Desemba 2021, samaki wanaozaliana. Kila samaki ana namba inayopungua kwa moja kila siku; ikipita sifuri anazaa samaki mpya, mwenyewe anaanza tena mzunguko wa siku saba, na mtoto anasubiri siku mbili zaidi mara ya kwanza. Sehemu ya kwanza inauliza: baada ya siku 80 watakuwa wangapi? Unatengeneza orodha, unaongeza samaki mmoja mmoja, unapata jibu, unafurahi. Sehemu ya pili inabadilisha namba moja tu: siku 256. Kwenye mfano uliotolewa, samaki watano wa mwanzo wanafika 26,984,457,539. Kompyuta inaanza kuunguruma, feni inapiga kelele, kumbukumbu inajaa, na hapo ndipo unapogundua kwamba hukuhitaji kumjua kila samaki kwa jina. Unahitaji visanduku tisa tu: wangapi wana sifuri, wangapi wana moja, hadi nane. Kodi ya mistari kumi inamaliza kabla hujapepesa jicho.

Hiyo ndiyo Advent katika ubora wake. Sehemu ya kwanza inakuacha ufanye kijinga, ya pili inakuadhibu kwa ujinga huo. Hanukkah haina adhabu ya namna hiyo. Data yake haiwezi kuishinda kompyuta yoyote ya miaka ya karibuni. Ukikosea, umekosea kwa kutoelewa binadamu.

Fumbo la kwanza, na kitochi chako

Nikuonjeshe fumbo la kwanza la Hanukkah bila kukuharibia. Kuna mpelelezi binafsi ambaye namba yake ya simu, ukiibonyeza kwa herufi, inataja jina lake la ukoo. Kijana aliyeanza na simu ya kupangusa anaweza asielewe kabisa tunazungumzia nini. Aliyewahi kutuma meseji kwa kitochi au mulika mwizi, akibonyeza 7 mara nne ili apate S, ameshaelewa: 2 ni ABC, 3 ni DEF, 4 ni GHI, 5 ni JKL, 6 ni MNO, 7 ni PQRS, 8 ni TUV, 9 ni WXYZ. Jaribu na majina ya kwetu. JUMA ni 5862. MWINYI ni 694694, tamu kuliko jina lolote utakalolikuta kwa Noah. Mchezo huu lakini usingewezekana kwa namba zetu za simu, maana zinaanza na sifuri na sifuri haina herufi.

Sasa tazama fumbo hilo hilo linavyobadilika kwa kila zana. Kwenye Python, lugha ya programu, unatengeneza kamusi ya herufi na tarakimu, unabadilisha jina la mwisho, unalinganisha na namba iliyoondolewa vistari: mistari mitano. Kwenye Postgres, kanzidata nyingine ya SQL, kuna `translate` inayofanya kazi hiyo kwa pigo moja. Kwenye SQLite hakuna, kwa hiyo unaishia kupanga `REPLACE` ndani ya `REPLACE` kama maganda ya vitunguu maji, na ukisahau mabano moja unaanza upya. Kwenye Excel inawezekana pia, kwa fomula ndefu ya aibu. Nilifanya mara mbili, mara ya kwanza kwa SQLite na mara ya pili kwa Python, na nakiri kwamba ile ya SQLite ndiyo iliyonifundisha jambo.

Jambo moja la kushukuru: namba za wateja wa Noah zina vistari katikati, kwa hiyo Excel inaziacha zilivyo. Yeyote aliyewahi kupokea orodha ya wateja iliyofunguliwa kwa Excel, 07 zote zikiwa zimepoteza sifuri, anajua ameokolewa na nini.

Ilipo mitego

Mafumbo ya Hanukkah hayapandi ugumu kama ngazi. La kwanza linaweza kukuchukua muda kuliko la tano. Mtego wangu ulikuwa la nne, lile la vitafunwa vya alfajiri. Mwanamke anafika na vitafunwa saa kumi na moja alfajiri, na mimi niliyelelewa na saa ya Kiswahili niliandika 11 kwenye sharti. Nikapata wanunuzi tele wa saa tano asubuhi na nikatumia jioni nzima kuwachunguza watu wasiohusika. Saa ya data ni ya tarakimu 24: saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Nilipolirekebisha hilo nikajikwaa tena, kwa kutafuta yeyote aliyewahi kununua chochote mapema, wakati maelezo yanasema ni mtu mwenye mazoea, na bidhaa ni ya tanuri. Neno moja la tabia, na lote linageuka kuwa kuhesabu kwa kundi badala ya kuchuja tu.

Kuna mtego wa pili, wa utamaduni. Fumbo moja linahitaji ujue nyota ya mtu kwa tarehe yake ya kuzaliwa, na mwaka wa mnyama katika kalenda ya Wachina. Mengine yanakutajia vitongoji vya New York. Si magumu kuyatafuta, lakini mtu wa Brooklyn anayasoma kama mtu wa Dar anavyosoma "anakaa Mbagala Rangi Tatu", na wewe unayasoma kwa kuuliza ramani. Zote mbili, Hanukkah na Advent, ziko kwa Kiingereza, ila Kiingereza cha Advent ni cha maelekezo ya hesabu, na cha Hanukkah ni cha watu wanaopiga soga. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni cha darasani, Hanukkah ni nzito zaidi. Fumbo lisomeni kwa sauti mkiwa wawili.

Advent ina mitego ya aina nyingine. Wiki ya kwanza inakubembeleza. Mwaka 2022, kwa mfano, siku ya kwanza ilikuwa kujumlisha makundi ya namba yaliyotenganishwa na mstari mtupu, kisha kuchukua kundi kubwa kuliko yote. Sehemu ya pili makundi matatu makubwa. Mwanafunzi wa mwezi mmoja wa Python anaweza. Baadaye linakuja fumbo la kutafuta njia fupi kwenye ramani, na kama hujawahi kusikia jina la Dijkstra, aliyebuni mbinu ya kazi hiyo, akili nyingi peke yake haitakufikisha kabla ya chakula cha mchana. Ukikosea jibu unasubirishwa dakika moja kabla ya kujaribu tena, na ukizidi kukosea unasubirishwa zaidi. Nimewahi kuacha siku ya 15 na sikurudi. Siioni aibu, wengi wanaachia hapo hapo. Siku 12 za sasa zimepunguza maumivu hayo, na mimi ni katika waliofurahi.

Aliyezoea SQL peke yake asijidanganye kwamba atapita Advent nzima kwa SQL. Wapo wanaofanya hivyo, kama wapo wanaopanda Kilimanjaro kwa kurudi nyuma. Upande wa pili, mtaalamu wa SQL akiingia Hanukkah anaweza kuyamaliza yote manane kwa jioni moja akabaki anauliza, "Ndiyo hayo tu?" Kwake yeye kuna raundi nyingine ya data tofauti baada ya kumaliza, ya kupima kama kodi yake ilikuwa imeelewa au ilibahatisha. Hapo ndipo masharti niliyoyaandika kwa namba za kukariri yaliponiumbua.

Kama hujawahi kugusa SQL

Basi usianze na yoyote kati ya hizi. Anza na SQL Murder Mystery ya Knight Lab, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Haina sikukuu, haina tarehe ya kuanza. Kumetokea mauaji tarehe 15 Januari 2018 kwenye mji wa kubuni unaoitwa SQL City, umepoteza ripoti ya polisi, na unaitafuta ndani ya kanzidata. Kila kitu kinafanyika kwenye kivinjari, hupakui wala kusakinisha chochote, kwa hiyo hata kompyuta ya kantini ya intaneti inatosha. Kuna mafunzo ya hatua kwa hatua kwa asiyejua hata `SELECT` ni nini. Ukishaweza kuunganisha majedwali mawili bila kutazama pembeni, uko tayari kwa Noah.

Vifaa, vifurushi na wenzako

Zote tatu ni bure. Kwa upande wa kifurushi, Hanukkah inakuomba upakue faili mara moja. Baada ya hapo intaneti unaihitaji kusoma fumbo na kupeleka jibu tu, hivyo umeme ukikatika na raute ikazima, laputopu yenye chaji inaendelea na kazi. Advent nayo ni nyepesi kwa data, ila lazima uwe na akaunti, na unaingilia kwa GitHub, Google na kadhalika, kwa sababu kila mtu ana faili lake. Na faili hilo Wastl anaomba lisisambazwe, wala maandishi ya mafumbo yasinakiliwe kwingine. Watu wengi huku hawajui na wanayaweka yote hadharani pamoja na kodi zao.

Kwa zana, ushauri wangu wa Hanukkah ni SQLite kwanza, kwa sababu faili lipo tayari na kuunganisha majedwali ndiyo roho ya mchezo. Baada ya hapo jaribu fumbo moja au mawili kwa VisiData, uone mtengenezaji alikuwa akiwazia nini: unafungua jedwali, unabonyeza `Shift+F` kwenye safu, na mara hiyo hiyo unaona kila thamani imetokea mara ngapi. Ukiwa mtu wa Excel na hutaki kubadilika, inawezekana pia, lakini kuunganisha maagizo na vitu vyake kwa fomula ya VLOOKUP kutakuzeesha kabla ya usiku wa tatu.

Kwa kucheza na wenzako, Advent imejipanga vizuri zaidi: unaunda msimamo wa faragha wa hadi watu 200, unatoa namba ya siri kwenye kundi, na kila mtu anaona nani amepata nyota ngapi. Ofisi inayopenda kushindana itaupenda. Hanukkah ni ya kukaa mezani, mmoja anasoma, wa pili anabishana na maana ya neno, wa tatu anaandika. Huwa nawaambia watu watatu wanatosha.

Na suala la akili mnemba. Kumwekea roboti fumbo la Advent na kunakili jibu kuliua raha ya orodha ya dunia hata kabla haijafutwa. Kwenye Hanukkah roboti anaweza kuandika SQL vizuri kuliko mimi, sibishi. Ila nimejaribu kumpa umbea wa fumbo la binamu mbahili bila kumwonyesha majedwali, akanipa kodi safi iliyotafuta mtu aliyetumia pesa kidogo. Mbahili wa Noah hatumii pesa kidogo; anakuja kila kitu kikishuka bei. Ukiruhusu roboti, mruhusu aandike sintaksia, yaani maneno ya amri, sharti utunge wewe.

Kwenye kundi letu tumeweka kanuni ya bibi zetu. Jioni fumbo la siku likiwa halijapatikana, aliyeshindwa anatoa mji, kama kwenye vitendawili, ndipo aelezwe jibu. Kwa fumbo la nne niliitoa Tanga. Kwa samaki wa Advent mwenzangu wa Mombasa alitoa Malindi, na alipobanwa sehemu ya pili akaongeza Lamu. Mwaka huu tunaanza jioni ya 4 Desemba, na mimi Dodoma bado ninayo.